Mtoto Kazaliwa na Mguu Kifundo: Jinsi ya Kuifuata Njia ya Ponseti Hadi Mwisho

Karibu kila mama anayeletwa kwangu na mtoto mchanga mwenye mguu kifundo huanza na swali hili: "Mtampasua?" Namjibu kwamba leo nitamfunga plasta, wiki ijayo nitamfunga nyingine, na tutaendelea hivyo mpaka unyayo uliogeukia ndani urudi mahali pake na kukanyaga chini. Njia hiyo tumerithi kwa Ignacio Ponseti, daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa aliyeona madhara ya kisu kwenye miguu ya watoto akaamua kukiweka kando.

Mimi ni mfiziotherapia, nafunga plasta za watoto katika hospitali moja mkoani Njombe. Namwandikia mzazi aliye mwanzoni kabisa, aliyeambiwa wodini kwamba miguu ya mtoto ina tatizo na hajui aanzie wapi. Nitakueleza la kufanya katika kila hatua, na nitakueleza pia kwa nini Ponseti alitaka lifanywe hivyo. Wazazi wanaoijua sababu ndio ninaowaona wakifika mwisho.

Kabla ya plasta ya kwanza

Usisubiri mtoto "akomae". Akiwa na wiki moja au mbili, ananyonya vizuri na hana homa, anaweza kuanza. Kama umechelewa, njoo vilevile. Mtoto wa miezi, hata aliyekwisha kutembea, bado anasaidika kwa njia hii, isipokuwa plasta zitakuwa nyingi zaidi na safari itakuwa ndefu.

Mguu kifundo huwapata takriban mtoto 1 katika kila 1,000 wanaozaliwa. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huwa nao miguu yote miwili. Chanzo chake hakijajulikana chote, ingawa urithi wa damu unahusika. Mama hakuusababisha kwa chakula alichokula, wala kwa kazi ya shamba aliyofanya akiwa mjamzito, wala hakuna jirani aliyeutuma. Haya huwa nayasema kwa sauti, baba na mama mkwe wakisikia kama wamekuja, kwa sababu nimewaona wanawake wakipangiwa kurudishwa kwao kwa ajili ya unyayo wa mtoto.

Siku ya kwanza omba mtoto aangaliwe mwili mzima, hasa mgongo na nyonga, kwani mara chache mguu kifundo huja pamoja na tatizo lingine. Kisha uliza kwa jina: "Hapa mnafuata njia ya Ponseti?" Na angalia plasta yenyewe inaishia wapi. Inatakiwa ianze kwenye vidole na kupanda hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Plasta inayoishia chini ya goti huteleza, na haiwezi kuuzuia unyayo usijizungushe kurudi ndani. Ukiona imeishia chini ya goti, uliza kwa heshima, lakini uliza.

Bibi atataka kumkanda mjukuu. Akimkanda kwa upole hana kosa, lakini asiuvute unyayo wala kuupinda kwa nguvu akitaka kuunyoosha. Kuna mfupa mmoja mle ndani ambao usipojua mahali ulipo, mkono wako unausukuma usikotakiwa.

Alikotoka mtu huyu

Ponseti alizaliwa tarehe 3 Juni 1914 mjini Ciutadella, katika kisiwa cha Menorca, Hispania. Baba yake alikuwa fundi saa, na mtoto alikua akimsaidia kutengeneza saa. Huwa nalikumbuka hilo ninapoushika mguu wa mtoto wa wiki mbili, maana mifupa ile ni midogo, imeshikana, na ukiusogeza mmoja mingine yote inaitika.

Alisomea udaktari Barcelona na kuhitimu mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo vinalipuka. Alitumikia jeshi la upande wa Jamhuri, akitibu waliovunjika mifupa. Upande wake uliposhindwa, mwaka 1939, aliwavusha majeruhi milima ya Pyrenees hadi Ufaransa. Hawakuwa na magari ya wagonjwa, wakasaidiwa na wafanya magendo waliozijua njia za milimani, kwa nyumbu. Kutoka Ufaransa akaenda Mexico, akawa daktari wa kijijini kwa muda, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani, kusomea mifupa chini ya Arthur Steindler.

Huko Iowa alipewa kazi ya kuwafuatilia watu waliopasuliwa mguu kifundo utotoni na mwalimu wake huyo huyo. Kwa macho miguu mingi ilikuwa imenyooka, lakini wenye miguu hiyo sasa walikuwa watu wazima na nyayo zao zilikuwa ngumu, dhaifu na zenye maumivu. Makovu ya upasuaji yalikuwa yamezikaza. Ponseti alikuwa mkimbizi, mgeni katika nchi na katika hospitali, na alichokiona kilipingana na kazi ya mkubwa wake. Hakukifunika. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote alilofanya.

Akarudi kwenye mguu wenyewe. Alichunguza miguu ya watoto waliofia tumboni, akaona jinsi mifupa ya unyayo inavyoteleza kwa pamoja chini ya mfupa wa kifundo unaoitwa talasi. Aliziangalia pia kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Nyuzi za kano za mtoto mchanga zina mawimbi madogo. Ukizivuta kwa upole mawimbi yananyooka na kano inarefuka kidogo. Ukiziacha zikae hivyo siku chache, mawimbi yanajiunda upya na kano inakubali kuvutwa tena. Kwa hiyo plasta hubadilishwa kila baada ya siku tano hadi saba.

Wiki za plasta

Watoto wengi huhitaji plasta tano hadi saba. Panga nauli ya wiki zote hizo kabla ya kuanza, baba na mama mkiwa mmekaa pamoja. Kama haitoshi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini mapema, usingoje mpaka umekwama. Huku kwetu wanaokatisha wengi hukatisha msimu wa kuvuna viazi, mzazi akisema atarudi akishauza. Akirudi, mguu nao umerudi, na mimi sina budi kuanza plasta ya kwanza.

Siku ya kliniki mlete mtoto akiwa na njaa kidogo, umnyonyeshe mezani wakati nafunga. Mtoto anayenyonya hulegea, na mguu uliolegea ndio ninaouweza. Plasta ya zamani ilowekwe kwa maji ya uvuguvugu na kufunguliwa siku hiyo hiyo, hapo hospitalini au muda mfupi kabla ya kufika. Usiifungue jana yake ili mtoto "apumzike", maana usiku mmoja bila plasta unatosha kupoteza sehemu ya kazi ya wiki nzima. Njoo na maji, sabuni na khanga safi, umwogeshe vizuri kabla sijamfunga nyingine, kwa kuwa hiyo ndiyo nafasi yako pekee ya wiki kuiona ngozi ya mguu huo.

Plasta ya kwanza huwashtua wazazi. Utaona kana kwamba nimeuzidishia mguu ubaya, unyayo ukitazama juu zaidi kuliko ulivyokuja. Usiogope. Mguu kifundo una upinde kwenye tao la unyayo, na Ponseti alielewa kwamba sehemu ya mbele lazima kwanza ilinganishwe na ya nyuma, kwa kuinua mfupa wa kidole gumba. Kuanzia plasta ya pili ndipo utaona unyayo ukitembea kwenda nje, wiki baada ya wiki.

Angalia pia dole gumba langu. Linakaa upande wa nje wa mguu, juu ya kichwa cha talasi, na linabaki hapo huku mkono mwingine ukiupeleka unyayo nje polepole. Kisigino sikigusi. Kabla ya Ponseti, njia ya plasta iliyojulikana sana Marekani ilikuwa ya Hiram Kite, aliyekuwa akikandamiza sehemu ya mbele zaidi ya hapo. Kwa kufanya hivyo alikizuia kisigino kisigeuke, na matibabu yalichukua muda mrefu mno. Yote hayo yaliamuliwa na mahali dole gumba lilipowekwa. Kama hujaelewa mtaalamu wako anafanya nini, mwombe akuonyeshe kwenye mguu mwingine wa mtoto. Asiyekuwa na haraka atakuonyesha.

Nyumbani, kazi yako ni vidole. Viangalie mara kwa mara siku ya kwanza, kisha kila unapombadilisha nepi. Bonyeza kidole kidogo kiwe cheupe, achia, na wekundu urudi mara moja. Rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, ukiona lolote kati ya haya:

- vidole vimekuwa vya bluu, vyeupe au baridi kuliko vya mguu mwingine, au vimevimba;
- vidole vimezama ndani ya plasta, maana yake imeteleza;
- plasta inanuka vibaya au inatoa majimaji, au mtoto ana homa ambayo huoni chanzo chake;
- analia bila kunyamaza hata baada ya kunyonya.

Kama uko mbali na unaona vidole vinabadilika rangi, loweka plasta kwa maji uifungue mwenyewe, kisha njoo. Plasta inarudishwa, lakini mguu uliokosa damu unaweza kupata madhara ya kudumu.

Juu ya kukauka nina neno kwa wenzangu wa nyanda za baridi. Mwezi wa sita na wa saba plasta huchelewa kukauka, inaweza kubaki na unyevu siku nzima au zaidi. Usimsogeze mtoto kwenye jiko la mkaa, na usiliingize jiko chumbani mkafunga mlango. Plasta hushika joto na kuiunguza ngozi ndani usipoona, na hewa ya mkaa huua familia nzima usingizini. Acha mguu wazi nje ya blanketi, ulale juu ya nguo laini, ufunike sehemu nyingine zote za mwili. Inatosha.

Ukano wa kisigino

Tao, upande na mzunguko vikishanyooka, kisigino mara nyingi bado kimevutwa juu. Ukano wa nyuma ni mnene, hausikii plasta. Hapo, kwa watoto takriban wanane au tisa kati ya kumi, daktari hutia ganzi na kuukata ukano huo kwa kisu chembamba kupitia tundu dogo sana lisilohitaji hata kushonwa. Ni kazi ya dakika chache. Kisha hufungwa plasta ya mwisho inayokaa wiki tatu, na ndani ya wiki hizo ukano hujiunga upya ukiwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Tone la damu kwenye plasta si la kutisha, ila likiendelea kupanuka, rudi.

Kwa watoto wengi kisu cha Ponseti kinaishia hapo. Alihesabu kila kovu analomwachia mtoto.

Viatu vya chuma

Nisikilize hapa kuliko popote. Siku plasta ya mwisho inapotolewa mguu unapendeza, watu wanapiga picha, baba ananishika mkono. Siku hiyo matibabu yanahamia nyumbani kwako, na mimi sitakuwepo.

Mtoto atavalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, upana wake sawa na mabega yake. Kiatu cha mguu uliotibiwa kinatazama nje kwa nyuzi 70, na cha mguu mzima kwa nyuzi 30 hadi 40; kama ilikuwa miguu yote miwili, vyote 70. Huo mgeuko unawatisha wazazi, wanadhani mtoto atatembea kama bata. Hatatembea hivyo. Unyayo tulishaupeleka huko huko kwenye plasta za mwisho, na viatu vinaushikilia tu.

Miezi mitatu ya kwanza vivaliwe saa 23 kwa siku, na saa moja iliyobaki ni ya kuoga na kucheza. Baadaye ni usiku na usingizi wa mchana, jumla saa 12 hadi 14, mpaka mtoto afikishe miaka minne. Ndiyo, minne. Kilichoupinda mguu tumboni kinaendelea kuuvuta wakati anakua, na Ponseti aliona kwamba watoto wasiovaa viatu karibu wote mguu huwarudia, wengi katika mwaka wa kwanza.

Kuvalisha kunafanywa hivi. Soksi ya pamba, safi, isiyo na mkunjo. Kunja goti, sukuma kisigino kwanza hadi chini kabisa, kisha kaza mkanda wa kwenye kifundo kabla ya kamba nyingine. Viatu vingi vina tundu dogo nyuma; chungulia uone kisigino kimekaa. Kama hakuna, weka alama ya kalamu ndani mahali vidole vinapofika, kesho utajua kama umerudia pale pale. Mguu wenye shida zaidi ndio uvalishwe kwanza, mtoto akiwa hajaanza kupigana. Kisha shika chuma, ukunje na kunyoosha miguu yote miwili pamoja kwa mchezo, ajifunze kupiga teke la pamoja. Ukizungushie chuma kitambaa, hakitakuumiza mbavu ukilala naye.

Usiku mbili tatu za mwanzo atalia. Mkague: wekundu unaofifia ni wa kawaida, lakini lengelenge au kidonda kinamaanisha kisigino kinapanda, rudi turekebishe. Usipake mafuta pale palipokuwa pekundu, ngozi italainika na kuchubuka. Kama ngozi ni nzima na ameshiba, analilia mazoea tu. Mbembeleze, mwimbie, mbebe na viatu vyake, lakini usivivue ili anyamaze. Mtoto ni mwepesi kujifunza, na akishajua kilio kinafungua viatu, usingizi wenu wote utakuwa wa vita. Akiona vinavaliwa kila siku baada ya kuoga, saa ile ile, atakuletea miguu mwenyewe.

Wafundishe wote wanaolala na mtoto. Bibi, shangazi, dada wa kazi, kila mmoja avalishe mbele yako. Viatu vingi huvuliwa kwa huruma mama akiwa safarini.

Kama unafikiri viatu hivi ni vya ghali kutoka Ulaya, jua kwamba muundo tunaoutumia sana Afrika ulitengenezwa Kampala. Mholanzi Michiel Steenbeek, akiwa Katalemwa Cheshire Home, alibuni viatu vya ngozi, mbao na nondo ya chuma ambavyo fundi viatu na mchomeleaji wa hapa hapa wanaviweza. Ndiyo maana kikikatika chuma usikae nacho wiki mbili ukingoja tarehe ya kliniki. Kilete, kinachomelewa.

Mguu ukianza kurudi

Utajua kwa ishara ndogo: kisigino hakikai tena chini ya kiatu, ukiupinda unyayo juu haufiki ulipokuwa unafika, au anayetembea ameanza kukanyagia ukingo wa nje. Njoo mara hiyo hiyo. Hatukugombezi. Plasta mbili au tatu mara nyingi huurejesha, kisha viatu tena. Kuna wachache ambao baada ya miaka mitatu hivi unyayo bado unageukia ndani wanapotembea. Hao daktari huwahamishia ukano mmoja wa mbele ya mguu kwenda katikati ya unyayo. Upasuaji huo nao Ponseti aliupangia mahali pake, na haufungui viungo.

Watu wataendelea kukuuliza kwa nini usimpeleke mtoto "akapasuliwe mara moja aishe". Waambie habari za Iowa. Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na kwa miaka mingi madaktari wengi hawakujali, wakaendelea kupasua. Mwaka 1995 wenzake Cooper na Dietz walichapisha uchunguzi wa watu 45 aliowatibu utotoni, wenye miguu 71, ambao sasa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 34. Asilimia 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Miongoni mwa watu waliozaliwa na miguu ya kawaida, kwa kipimo hicho hicho, ilikuwa asilimia 85. Wazazi walipoanza kupashana habari hizo kwenye intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990, hospitali zikalazimika kubadilika. Wazazi kama wewe ndio walioisukuma njia hii duniani, wakati Ponseti mwenyewe ameshapita umri wa kustaafu na bado anaona wagonjwa.

Kwetu iliingia kwa mlango wa Uganda, kwa juhudi za watu kama Shafique Pirani, daktari wa Kanada mwenye asili ya Uganda. Alama tunazoandika kwenye kadi ya mtoto wako kila wiki, kutoka 6 kushuka kuelekea 0, ni kipimo chake. Malawi nao walionyesha kwamba maofisa tabibu wa mifupa, wasio madaktari bingwa, wanaifanya kazi hii vizuri. Ndivyo mtu kama mimi nilivyopata ruhusa ya kuushika mguu wa mwanao. Ponseti alifariki tarehe 18 Oktoba 2009 akiwa na miaka 95, na siku yake ya kuzaliwa, 3 Juni, ndiyo Siku ya Mguu Kifundo Duniani. Kliniki nyingi siku hiyo huwaita watoto waliomaliza. Nenda hata kama wako bado yuko kwenye plasta, ukae na mama ambaye mwanawe ana miaka mitano, umuulize alifanyaje usiku ule wa pili wa viatu.

Kadi usiipoteze. Alama zikishuka, ukano ukishakatwa, na hata viatu vikishavuliwa kabisa, tunaendelea kumwona mara moja kwa mwaka mpaka miguu imalize kukua. Mlete akiwa na viatu vyake vya shule, nivigeuze niangalie soli imelika upande gani.